Wauguzi wangu watatu wanataka kuondoka kwa mkupuo, niwafanyie nini wabaki?

Misonobari (mleta uzi)
Jumapili, saa 3:10 usiku

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni muuguzi. Tangu Machi mwaka huu ndiye muuguzi mfawidhi wa kituo kimoja cha afya huku upande wa Njombe. Kituo ni cha taasisi ya dini, jina mniachie. Wauguzi tuko tisa kwa wodi ya wazazi, wodi mchanganyiko, kliniki ya mama na mtoto na CTC, yaani kliniki ya VVU, kwa hiyo mnaelewa rosta yetu inapangwa kwa kukwangua.

Jana saa tano asubuhi watatu kati yao waliingia ofisini kwangu pamoja. Nikawakaribisha viti, wakabaki wamesimama. Wakasema mwisho wa mwezi wanaacha kazi, wote. Nikauliza sababu, nikajibiwa neno moja tu, "mazingira", wakatoka.

Uongozi umeniruhusu kutumia laki sita kwa ajili ya motisha. Nimewaza tisheti zenye jina la kituo, mbuzi mmoja na soda, na cheti cha muuguzi bora wa mwezi. Je, vinatosha? Waliowahi kuongoza watu wanishauri, nataka wauguzi wangu wajisikie salama na wapende kazi. Kesho saa nne nina kikao nao.

Mpunga wa Kyela
Saa 3:16 usiku

Mbuzi mmoja kwa watu tisa, Julai, Njombe? Hayo ndiyo mazingira wanayolalamikia. Ongeza mbuzi.

Duka la Uyole
Saa 3:31 usiku

Dada pole na cheo. Mimi nilikuwa nesi miaka kumi na moja, sasa nina duka la dawa muhimu hapa Uyole na nalala usiku kama binadamu.

Nikwambie kuhusu tisheti. Mwaka mmoja Siku ya Wauguzi, tarehe 12 Mei, tulipewa tisheti nyeupe nzuri kabisa. Tukaandamana, tukawasha mishumaa, tukarudia kiapo, mgeni rasmi akatuita malaika. Jioni ile ile nikaingia naiti wodi ya watoto peke yangu, vitandani wamelala watatu watatu. Tisheti nilikuwa nimeivaa ndani, nje koti. Saa tisa usiku dripu ya mtoto mmoja imeziba, wa pili anatapika, mama wa tatu ananishika mkono analia, na mimi nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni. Asubuhi matroni akaniuliza mbona macho mekundu, nikamwambia moshi wa mishumaa.

Ile tisheti ninapigia deki. Usinunue tisheti.

Mlezi wa Wana
Saa 3:40 usiku

Naomba niseme ukweli hata kama utauma. Tatizo la manesi wa nchi hii ni LUGHA. Mke wangu alijifungua 2014, nesi alimwambia maneno siwezi kuyaandika. Badala ya mbuzi, waletee semina ya maadili. Kazi ya uuguzi ni wito.

Duka la Uyole
Saa 3:44 usiku

Wito haulipi kodi ya nyumba baba. Aliyeuliza kaulizia mazingira ya kazi, wewe umeleta kesi ya 2014.

Katibu wa Tawi
Saa 4:02 usiku

Mleta uzi, kabla ya kununua chochote chukua rosta ya miezi mitatu iliyopita, ukae na kalamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, ziada ya hapo inalipwa kama ziada. Saa zinazoangukia kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi zina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Si hisani ya mwajiri hiyo. Vituo vingi vya binafsi na vya dini nilivyopita, ukiuliza kuhusu hiyo asilimia 5 wanakutazama kama umeomba figo.

Maswali mawili. Usiku mnapanga wangapi? Na hao watatu wote ni wa wodi moja?

Misonobari
Saa 4:15 usiku

Asanteni wote. Katibu, usiku tunapanga wawili kwa kituo kizima, hilo najivunia, kuna vituo jirani mmoja anabeba kila kitu. Hao watatu ndiyo, ni wa wodi ya wazazi. Kulikuwa na jambo dogo Ijumaa usiku lakini limeshashughulikiwa na uongozi. Tusilifanye ndiyo mada. Cheti cha muuguzi bora mnakionaje?

Sista Mstaafu
Saa 4:21 usiku

Mwanangu, mimi nimeanza kazi 1983, nimestaafu 2019, niko Tukuyu nafuga. Jambo dogo gani?

Misonobari
Saa 4:38 usiku

Shikamoo mama. Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, kama saa nane, umeme ukiwa umekatika, ndugu wa mzazi mmoja aliingia wodini kwa hasira akidai mgonjwa wake ametelekezwa. Kukatokea kutoelewana na muuguzi wa zamu. Katika kutoelewana huko muuguzi alipigwa kofi.

Huyo ndugu si mtu wa mtaani tu, ni mtu anayeheshimika, ndiye aliyetutolea mabati ya paa la wodi hiyo hiyo. Analalamika binti alimjibu vibaya. Uongozi umeomba limalizwe kwa hekima. Nimeshaandika barua fupi ya kuomba radhi, mistari sita, binti asaini kesho kabla ya kikao, faili lifungwe, tuendelee na maisha. Kwa hiyo naomba turudi kwenye motisha.

Duka la Uyole
Saa 4:40 usiku

Subiri kwanza. Aliyepigwa ndiye anaomba radhi?

Mpunga wa Kyela
Saa 4:41 usiku

Mbuzi nimemfuta. Andika ng'ombe.

Mlezi wa Wana
Saa 4:47 usiku

Sitetei kupiga. Lakini tujiulize alijibu nini mpaka mtu mzima akainua mkono. Na Bwana alisema samehe saba mara sabini.

Ruhuma Ekspresi
Saa 4:58 usiku

Mimi dereva wa lori, nyanya na viazi, Makambako kwenda Dar. Miaka ya nyuma gari lilinishinda mteremko wa Kitonga, nikalilaza upande wa mlima nisiende korongoni. Utingo wangu mguu ukabanwa. Tulifikishwa hospitali moja njiani usiku wa manane, nesi mmoja, binti mdogo kuliko mwanangu. Nilimfokea yule binti jamani. Nilimwita majina. Nilipiga meza yake kwa ngumi nikataka aache mgonjwa mwingine aje kwa utingo wangu.

Yeye hakunijibu. Alitoka nje, akachukua nondo, akagonga ringi ya gari iliyotundikwa kwenye mti, mara tatu. Ndani ya dakika chache mlinzi kaja, tabibu kaja na koti juu ya pajama, na mama mmoja wa jikoni kaja na mwiko. Watu wanne wakanitazama. Nikakaa mwenyewe kwenye benchi. Yaani nilikaa kama mtoto wa shule.

Utingo yupo mzima, ana duka Igawa. Kila nikipita ile hospitali nasikia aibu. Sijui nimeandika kwa nini.

Sista Mstaafu
Saa 5:03 usiku

Umeandika vizuri baba.

Misonobari, nakuuliza wewe. Wakati anapigwa hilo kofi, binti mikononi alikuwa na nini?

Misonobari
Saa 5:20 usiku

Alikuwa anamshona mama msamba uliochanika. Tochi ya simu ameing'ata kwa meno kwa sababu sola ya wodi imekufa betri. Mtu kaingia kutoka upande, kampiga, simu imedondokea kwenye beseni la kondo la nyuma. Ile sindano ya kushonea ikamchoma kidole cha shahada cha kushoto, kidogo tu, juu ya glavu. Aliosha kwa sabuni na maji. Kisha akavaa glavu nyingine akamalizia kushona. Yule mama yuko salama na mtoto.

Tabibu wa Ileje
Saa 5:24 usiku

Dada, na dawa za kinga ya VVU kaanza saa ngapi?

Misonobari
Saa 5:33 usiku

Bado. Kadi ya kliniki ya yule mama inaonyesha hana maambukizi.

Tabibu wa Ileje
Saa 5:41 usiku

Kadi inaonyesha alipimwa lini? Kama ni hudhurio la kwanza basi ni miezi minne mitano iliyopita. Unajua tuko mikoa gani. Njombe, Iringa na Mbeya ndizo zinazoongoza kwa VVU nchi nzima. Kadi ya mwezi wa pili si majibu ya Julai.

Sindano ya kushonea si ya bomba, damu inayobebwa ni kidogo, na hata kwa zile za bomba hatari ya VVU ni kama 3 kwa 1,000. Hilo mwambie ili alale. Lakini ndogo si sifuri. Dawa inatakiwa ianze ndani ya saa mbili za mwanzo ikiwezekana, mwisho kabisa saa 72, halafu siku 28 bila kuruka. Yeye mwenyewe anapimwa leo, kisha anarudiwa kwa ratiba. Yule mama anaombwa kwa hiari apimwe upya.

Na homa ya ini B je? Dozi zake tatu za chanjo kamaliza? Kwa asiyechanjwa hatari ya hiyo inaweza kufika 30 kwa 100. Watu wanaogopa VVU wanasahau hii.

Kofi limepigwa saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi. Saa 72 zinaisha saa nane usiku wa kuamkia Jumanne. Sasa hivi umebakiwa na saa ishirini na sita na ushee. CTC yenu iko hatua ngapi kutoka wodini?

Misonobari
Saa 5:50 usiku

Kama thelathini. Chanjo kapata mbili.

Jamani mnanihukumu. Nikimpeleka CTC lazima ijazwe fomu ya ajali kazini, fomu inapita kwa mganga mfawidhi, inafika bodi, na bodi ndiyo imetaka jambo liishe kimya. Nimepanga kesho baada ya kikao, mambo yakitulia, nimpe dawa kimyakimya bila fomu. Saa nne hadi saa sita mchana ni ndani ya saa 72, mmesema wenyewe. Barua ni karatasi tu. Akisaini anabaki na kazi yake, mabati yanabaki, na awamu ya pili ya ufadhili ya nyumba za watumishi inakuja. Nawafikiria wote tisa, si mmoja.

Katibu wa Tawi
Saa 5:58 usiku

Dawa bila fomu maana yake, Mungu aepushe, majibu yakibadilika baadaye hana pa kushika. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa Sheria ya 2008, unahudumia sekta binafsi na umma, na kitu cha kwanza watakachouliza ni taarifa ya ajali iko wapi. Na kofi ni shambulio, ni PF3, ile fomu ya polisi, si "kutoelewana". Wewe umeandika "kutoelewana" mara mbili, nimehesabu.

Tomaso Mbishi
Saa 6:09 usiku

Niko Makambako nimekaa na jiko la mkaa nasoma huu uzi tangu mwanzo. Wakuu, hii ni CHAI. Tena ya tangawizi.

ID imefunguliwa leo, ujumbe wa kwanza ndio huu. Muuguzi mfawidhi mwenye CTC hatua thelathini anasubiri wanaume wa mtandaoni wamwambie habari ya saa 72? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua. Simu imedondokea kwenye beseni la kondo! Huyu anaandika tamthilia.

Na kosa lake kubwa ni hili. Saa 4:15 kasema usiku wanapanga wawili na anajivunia. Haya, nimehesabu waliomo kwenye hadithi: nesi aliyepigwa, mama anayeshonwa, mgonjwa wa mtu wa mabati, mtu wa mabati. Nesi wa pili yuko wapi? Hakusikia kelele? Hakuja? Mtunzi kamsahau mhusika wake. Ndiyo maana hadithi za kutunga zinakamatwa.

Mpunga wa Kyela
Saa 6:12 usiku

Duh. Natia nanga hapa, nipisheni niweke chungu cha chai jikoni.

Kisigino
Saa 6:20 usiku

Tomaso umemaliza. Mimi niko Njombe mjini, Ijumaa umeme haukukatika kwetu.

Ruhuma Ekspresi
Saa 6:24 usiku

Njombe mjini si Njombe yote. Kuna vijiji huko nguzo ikiangushwa na mti wa mkaa mnakaa giza siku mbili.

Mlezi wa Wana
Saa 6:27 usiku

Mimi nilishangaa tangu laki sita. Taasisi gani ya dini inatoa laki sita?

Kisigino
Saa 6:31 usiku

Pengine ndiye yeye aliyepigwa, kajigeuza bosi ili aone mtasemaje.

Duka la Uyole
Saa 6:35 usiku

Iwe chai iwe uji, nyie mnacheka. Mimi hilo beseni nalijua lilivyo. Ukiwa peke yako hakuna pengine pa kuliweka, linakuwa pale pale miguuni. Mtu hatungi beseni.

Tomaso Mbishi
Saa 6:39 usiku

Basi ajibu. Wa pili alikuwa nani? Jina la kazi tu.

Sista Mstaafu
Saa 6:52 usiku

Tomaso, acha kugonga meza. Misonobari, mwanangu, mimi nimepanga rosta miaka kumi na minne. Najua kuna majina yanaandikwa kujaza mstari. Ukiwa tayari.

Misonobari
Jumatatu, saa 7:47 usiku

Wa pili ni mimi.

Rosta inasomeka mimi. Tukipungukiwa najipanga mwenyewe naiti mbili kwa wiki, na watu wananisifu kwa hilo. Ijumaa mdogo wangu alikuwa na sendofu Makambako, mimi ndiye nilishika michango, nisingeweza kukosa. Ningeweza kumwomba mwingine anishikie, ila wote walikuwa wametoka kwenye naiti zao, niliona aibu kuwaomba. Nikasaini daftari saa moja na nusu jioni, nikamwambia binti nitarudi saa tano. Akaniambia, "Nenda tu dada, nitajitahidi." Wodi mchanganyiko ilikuwa na wagonjwa saba, wodi ya wazazi wawili.

Saa tano ilifika tukiwa kwenye keki. Saa sita nikasema nikimaliza kugawa chakula. Pochi yangu ilikuwa chini ya meza ya zawadi. Alinipigia saa 7:40, 7:43 na 7:51, nimeziona alfajiri. Simu aliyonipigia ndiyo hiyo aliyoing'ata kama tochi.

Nilifika saa kumi na mbili kasoro na gauni la sendofu ndani ya koti. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha chumba cha kuchemshia vyombo, shavu la kushoto limevimba, anafuta ile simu kwa spiriti, pamba moja baada ya nyingine. Hakunitukana. Alinikabidhi ripoti, kitanda hadi kitanda, kama inavyotakiwa.

Fomu ya ajali ina sehemu ya waliokuwa zamu. Sasa mmejua kwa nini.

Mpunga wa Kyela
Saa 7:52 usiku

Nimeondoa chungu jikoni. Samahani dada.

Kisigino
Saa 7:55 usiku

Kwa hiyo ulitaka asaini barua ya kuomba radhi ili rosta yako isionekane. Na wewe unaitwa kiongozi. Aibu.

Duka la Uyole
Saa 8:01 usiku

Nilikuwa nakuhurumia, sasa sijui. "Nenda tu dada, nitajitahidi." Hiyo sentensi nimeisema mimi mara ngapi kwa mainchaji wangu.

Tomaso Mbishi
Saa 8:04 usiku

Bado nasema kuna chai humu. Ila tangawizi imepungua.

Sista Mstaafu
Saa 8:20 usiku

Waliokwisha kutukana wakalale.

Misonobari, mwaka 1991 nilisinzia zamu nikiwa na homa, mtoto mmoja akavua oksijeni. Alipona. Mkubwa wangu wa kazi akaandika kwenye kitabu kwamba yeye ndiye aliyekuwa ameniruhusu kuingia kazini nikiwa mgonjwa. Ilikuwa kweli, aliniruhusu, lakini hakuna aliyejua. Aliandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Tulifanya naye kazi miaka tisa baada ya pale na hakuna nesi aliyeomba uhamisho wodini kwake. Hakutupa tisheti hata moja.

Usimsubirishe kikao. Alfajiri kamgongee. Ukifika usianze kujieleza, anza na dawa.

Katibu wa Tawi
Saa 12:10 asubuhi

Nimeamka nimekuta mambo. Kwa ufupi: fomu ijazwe kweli, PF3 ni haki yake na uamuzi wake, barua ichanwe. Wewe utapata barua ya kujieleza, jiandae, na upate mtu wa chama cha wafanyakazi akusindikize kwenye kikao chochote. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inambebesha mwajiri jukumu la mazingira salama, kwa hiyo usikubali yote yaishie kwako pia. Betri ya sola kufa si kosa la sendofu. Mlinzi alikuwa wapi?

Misonobari
Jumatatu, saa 8:30 mchana

Nimerudi. Nitaandika haraka.

Nilimgongea saa 1:40 asubuhi. Kidonge cha kwanza kakimeza saa 2:25 pale CTC, yaani saa 54 na dakika kadhaa. Chanjo ya tatu ya homa ya ini tumempangia. Yule mama tulimweleza, akakubali kupimwa upya kwa hiari yake. Majibu yake ni yake, siyaandiki hapa.

Fomu nimejaza. Penye waliokuwa zamu nimeandika majina mawili, na mbele ya langu nimeandika "hakuwepo kituoni, alisaini na kuondoka". Mganga mfawidhi amesoma akavua miwani, akaivaa, akaniambia nimwachie. Mpaka sasa hajaniita. Mwenyekiti wa bodi kapiga simu mara mbili.

Polisi kuchukua PF3 nilitaka nimsindikize, akakataa. Kaenda na mwenzake.

Kikao saa nne kilikaa. Niliwasomea ile fomu. Hakuna aliyesema kitu kwa muda mrefu, halafu mmoja wa wale watatu akauliza hizo laki sita bado zipo? Wakatoa karatasi waliyokuwa wameiandika kumbe tangu mwezi wa tano, ilikuwa kwenye droo yangu nakala, sijawahi kuifungua: komeo la ndani kwenye mlango wa wodi ya wazazi, betri ya sola, taa mbili za kuvaa kichwani, vocha ya simu ya zamu, na mlinzi alale upande wa wodi, si kwenye geti la magari. Basi. Betri pekee inaweza kula zaidi ya nusu.

Barua za kuacha kazi hawajasema wanazifuta. Na mimi sikuuliza.

Tabibu wa Ileje
Saa 8:41 mchana

Hongera kwa saa 54. Mwambie kichefuchefu siku za mwanzo ni kawaida, asiache, ameze usiku baada ya kula kama kinamsumbua. Na umpange zamu nyepesi bila kumfanya aonekane anaadhibiwa. Kuna tofauti, mwulize yeye.

Mlezi wa Wana
Saa 8:50 mchana

Na mtu wa mabati?

Misonobari
Saa 8:55 mchana

Yupo. Mgonjwa wake naye alijifungua salama jana, binti huyo huyo ndiye aliyempokea mtoto.

Ruhuma Ekspresi
Saa 9:12 alasiri

Dada, komeo na taa sawa, ila mlinzi wenu atasikiaje? Ringi ninazo nyumbani, moja ya Fuso, moja ya Scania iliyopasuka pembeni. Alhamisi napita Makambako napakia viazi. Tuma mtu kituo cha mafuta pale njia panda, sitaki jina la kituo chenu wala nini. Nondo pia ninayo.

Misonobari
Saa 9:20 alasiri

Nitakuja mwenyewe asubuhi. Jumatano usiku niko zamu na yeye, nitatoka saa mbili. Ya Fuso inatosha?

Mpunga wa Kyela
Saa 9:23 alasiri

Chukua ya Scania, inalia mpaka ng'ambo ya bonde. Ila ni nzito hiyo, usiitundike kwenye msonobari, tafuta mti wa maana.